Nguzo imegeuzwa, boriti je? Momenti inavyogawanywa kwenye fremu ya zege

SWALI: Shikamoo mhandisi. Mimi ni fundi sanifu, niko Dodoma. Tunajenga ukumbi wenye paa la zege. Boriti zinavuka mita 6 kutoka ukuta hadi ukuta, upana milimita 230 na kina 450. Nguzo zina urefu wa mita 3. Mchoro wa kwanza ulikuwa na nguzo za 230 kwa 230. Mhandisi akazibadilisha kuwa 230 kwa 450, upande mrefu ukifuata boriti. Msanifu akalalamika kwamba zinatokeza ukumbini, akazigeuza zilale ndani ya ukuta. Nilipouliza nikajibiwa: "Zege ni lile lile, nondo ni zile zile, endelea na kazi." Darasani lakini tulifundishwa kwamba ugumu wa nguzo unabadilisha momenti ya boriti, yaani ule msukumo wa kuipinda. Mzigo haujaongezeka, boriti haijaguswa. Momenti inabadilikaje?

JIBU: Marahaba. Umeuliza vizuri kuliko aliyekujibu. Zege ni lile lile, ndiyo, ila fremu si ile ile tena. (Fremu ninayosema hapa ni nguzo na boriti zilizomwagwa zikawa kitu kimoja, si ile ya kupangisha duka.)

Kabla ya hesabu, fanya jambo moja leo jioni. Tafuta ufito wa mita moja hivi, unyooke, uulaze juu ya matofali mawili, kisha bonyeza katikati kwa kidole. Katikati panazama na ncha zinanyanyuka. Sasa ondoa matofali, waombe watu wawili washike ncha kwa ngumi, kila mmoja akaze kifundo cha mkono asikubali ncha igeuke. Bonyeza tena. Ufito ni ule ule na kidole ni kile kile, lakini unazama kidogo tu. Kwa mzigo ulioenea sawasawa, nadharia inasema ncha zikishikwa kabisa mdidimio wa katikati unakuwa sehemu ya tano ya ule wa ncha zilizoachwa huru. Halafu waulize hao wawili wanasikia nini. Watakwambia vifundo vya mikono vinauma. Hayo maumivu ndiyo momenti iliyotoka katikati ya ufito ikahamia kwao, na nguzo zako ndizo hizo ngumi.

Turudi kwenye karatasi. Chukua mzigo wa kusanifia wa kilonyutoni 20 kwa kila mita ya boriti, uzito wa boriti yenyewe ukiwemo. Kuna namba moja ambayo hakuna nguzo duniani itakayoibadilisha: wL² gawanya kwa 8, w ikiwa mzigo wa kila mita na L urefu wa boriti. Ni 20 mara 36 gawanya kwa 8, sawa na 90 kNm (kilonyutoni-mita). Momenti ya katikati ukijumlisha na momenti ya pembeni (kwa fremu yenye pande mbili sawa) lazima zifike 90. Boriti iliyokalia tu ukuta inabeba 90 zote katikati na sifuri pembeni. Boriti ambayo ncha zake zimebanwa zisigeuke hata chembe inabeba 60 pembeni, maana hiyo ni wL² gawanya kwa 12, na 30 katikati. Fremu halisi iko mahali fulani kati ya hizo mbili. Mahali gani? Nguzo ndiyo inayoamua.

Hapa lazima tutenganishe maneno mawili ambayo site tunayachanganya kila siku. Nguvu ni uwezo wa kukataa kuvunjika. Ukakamavu, ule ugumu ulioutaja, ni uwezo wa kukataa kupinda. Nondo nyingi zinaongeza nguvu ya nguzo sana na ukakamavu kidogo. Vipimo vya umbo, hasa kina kwa upande ule inakopindia, ndivyo vinavyoleta ukakamavu, kwa sababu momenti ya pili ya eneo (kipimo cha umbo, tunaiandika I) ni upana mara kina kwa kipeo cha tatu, gawanya kwa 12. Aliyekuambia "nondo ni zile zile" alikuwa anajibu swali la nguvu. Wewe uliuliza la ukakamavu.

Njia ninayopenda kuitumia kwa mkono ni ya Hardy Cross, mhandisi wa Marekani aliyeitangaza mwaka 1930, na sijaona bora kuliko hiyo kwa kumfanya mtu aone fremu inavyofanya kazi. Jifanye kwanza umeufunga muungano wa boriti na nguzo usigeuke: pembeni pana 60. Kisha ufungue. Muungano unajaribu kugeuka, nguzo inakataa na boriti nayo inakataa, na kila mmoja anachukua sehemu kulingana na ukakamavu wake. Kwa fremu yako, ambayo pande zote mbili ni sawa na mzigo umeenea sawa, inatosha kuandika hivi:

momenti ya pembeni = (wL² ÷ 12) × Kn ÷ (Kn + Kb)

Kn, ukakamavu wa nguzo, ni 4EI gawanya kwa urefu wake, ikiwa mguu umebanwa. Kb, ukakamavu wa boriti, ni 2EI gawanya kwa L. Ni 2 badala ya 4 kwa sababu ncha zote mbili zinageuka kwa pamoja, moja kulia na nyingine kushoto, kama mtu na kivuli chake kwenye kioo. E ni ukakamavu wa zege lenyewe kama mali ghafi, na zege ni lile lile, kwa hiyo inajifuta.

Boriti ya 230 kwa 450 ina I ya milioni 1,747 za milimita kwa kipeo cha nne. Kb yake, nikiacha zile sifuri na E, ni 2 × 1,747 ÷ 6, yaani 582. Nguzo ya kwanza, 230 kwa 230, ina I ya milioni 233 tu. Kn ni 4 × 233 ÷ 3, yaani 311. Sehemu ya nguzo ni 311 ÷ 893, karibu 0.35. Zidisha kwa 60: pembeni unapata 20.9 kNm, na katikati 69.1.

Nguzo ya mhandisi, 450 ikifuata boriti, ina I sawa na ya boriti. Kn inapanda hadi 2,329. Sehemu yake ni 0.8. Pembeni 48, katikati 42.

Sasa ile ya msanifu. Iligeuzwa tu. Kina kinachopinga kupinda kimekuwa 230 na upana ndio 450. I inaporomoka kutoka milioni 1,747 hadi milioni 456, karibu mara nne, bila kuondoa hata ndoo moja ya zege. Kn ni 608. Pembeni 30.7, katikati 59.3.

Ona basi: kutoka 42 hadi 59.3 katikati ya boriti ile ile, ongezeko la asilimia 41, kwa sababu ya kugeuza boksi la nguzo nyuzi 90. Hilo ndilo jibu la swali lako. Boriti inapojisikia "nyepesi" au "nzito" katikati, si mzigo uliobadilika. Ni ncha zake kushikwa kwa ngumi iliyokaza au iliyolegea.

Kwa nondo maana yake nini? Kwa nondo za nguvu ya 460 (nyutoni kwa milimita ya mraba), na kina cha kufanyia kazi, kutoka juu ya boriti hadi kwenye nondo za chini, cha milimita 400 hivi, momenti ya 42 inataka eneo la kama milimita za mraba 290 chini ya boriti. Tatu za milimita 12 zinatosha. Ile ya 59.3 inataka kama 410. Tatu za 12 zina 339. Hazitoshi. Kama mchoro wa boriti ulitoka kabla nguzo haijageuzwa na hakuna aliyeurudia, chini ya boriti yako kuna upungufu, na huo ndio upande mbaya wa kukosea. Nenda kaangalie mchoro kabla ya kumwaga. Kanuni ya Uingereza ya BS 8110, ambayo wengi wetu tulisomeshwa, inaruhusu kupunguza momenti mahali fulani hadi asilimia 30 mradi uipeleke kwingine, na zege lenye nondo za kutosha linaweza kuvumilia uhamisho huo. Ila kuhamisha ni uamuzi wa mtu mwenye kalamu, si ajali ya mtu mwenye nyundo ya boksi.

Kosa la upande wa pili nililiona kwa macho yangu, miaka mingi iliyopita, kwenye jengo ambalo sitalitaja. Boriti za paa zilikuwa na ufa juu, karibu kabisa na nguzo za pembeni, unaanzia juu na kushuka hadi karibu nusu ya kina. Ukucha ulikuwa unaingia. Mvua ikinyesha, maji yanafuata ufa na kuchora mstari wa kutu kwenye plasta ya nguzo. Mwenye jengo aliamini paa limetobolewa na fundi wa antena. Mchoro ulipofunguliwa, mambo yakawa wazi. Mtu alitumia jedwali la BS 8110 la boriti zenye vipito vingi (kipito ni nafasi kati ya egemeo na egemeo, kama nguzo na nguzo). Jedwali hilo linatoa sifuri kwenye egemeo la nje, 0.09FL katikati ya kipito cha mwisho na 0.11FL juu ya egemeo la kwanza la ndani, F ikiwa mzigo wote wa kipito na L urefu wake. Akaona sifuri, akaweka juu nondo mbili za 10 za kushikia ringi, zikaishia usoni mwa nguzo bila hata kukunjwa. Lakini nguzo haikusoma jedwali. Ilikuwa nene, ilishika, momenti ikaja pembeni kama inavyokuja siku zote, na juu hapakuwa na nondo ya kuipokea. Zege likapasuka.

Je, jengo lilikuwa hatarini kuanguka? Hapana. Ufa ulipofunguka, muungano ukalegea, momenti ikarudi katikati, na katikati palikuwa pamewekewa nondo za kutosha kwa dhana ileile ya sifuri. Tulijaza ufa, tukaziba paa, basi. Ndiyo maana nasema makosa haya mawili si ndugu: ukiidharau momenti ya pembeni unapata nyufa na kutu, ukiidharau ya katikati unaweza kupata msiba. Kanuni za Ulaya za zege zinamalizia ubishi huu kwa sharti moja dogo: hata ukichukulia ncha ya boriti ni huru, ikiwa imemwagwa pamoja na nguzo, iwekee juu nondo za kubeba angalau 0.15 ya momenti kubwa ya katikati. Kwenye fremu yako hiyo ni kiwango cha chini mno, maana tumeona pembeni inaweza kufika 48 dhidi ya 42. Na nondo hizo za juu zisiishie usoni mwa nguzo. Zivuke hadi upande wa nje, zikunjwe kushuka ndani ya nguzo, zipishane na nondo za nje za nguzo kwa urefu kamili. Kona ya fremu bila mkunjo huo ni mlango usio na bawaba.

Mpaka hapa utadhani ninakushauri unenepeshe nguzo tu. Subiri tushuke chini. Zile 48 za juu zinashuka na nguzo, na kwenye mguu uliobanwa zinafika nusu yake, 24 kNm. Kwa nguzo ya 230 kwa 230 zilikuwa 10.4. Mguu pia unasukuma nje: jumla ya momenti za juu na chini gawanya kwa mita 3 inakupa kilonyutoni 24 za mlalo, badala ya 10.4. Na uzito wa wima ni uleule, kilonyutoni 60 kwa kila nguzo, ukiacha uzito wa nguzo na ukuta. Gawanya 24 kwa 60: mzigo unatua mita 0.4 nje ya katikati ya kitako (bamba la msingi chini ya nguzo). Kama kitako chako ni mita 1.2 kwa 1.2, kiini chake, yaani umbali kutoka katikati ambao mzigo ukiupita upande mmoja unaanza kunyanyuka, ni sehemu ya sita, yaani mita 0.2. Umepita mara mbili. Upande mmoja wa kitako unataka kunyanyuka na udongo wa upande wa pili unabeba kila kitu. Boriti imepona, msingi umeugua.

Kwa kweli udongo hautakubali hali hiyo. Kitako kitageuka kidogo na mguu utafanana zaidi na bawaba kuliko kubanwa. Hesabu ikirudiwa kwa mguu wa bawaba, Kn inakuwa 3EI gawanya kwa urefu, na pembeni unapata 45 badala ya 48, katikati 45. Umeona? Mguu umebadilika kabisa, boriti imetikisika kidogo tu. Kwa hiyo kwa jengo la namna hii mimi huchukulia bawaba chini, naweka nondo za juu na za katikati kwa momenti hiyo, natazama kitako kwa msukumo wa nje wa kilonyutoni 15, na nalala usingizi. Kuongeza boriti ya ardhini ya kuunganisha vitako viwili vinavyotazamana kunaumaliza msukumo huo kwa bei ndogo.

Kuna jambo linalowasumbua vijana wanaotumia programu za kompyuta: I ipi? Zege likipasuka, ukakamavu unashuka, na boriti hupasuka zaidi ya nguzo kwa kuwa nguzo imegandamizwa. Kanuni ya Marekani, ACI 318, inapendekeza 0.35 ya I kamili kwa boriti na 0.70 kwa nguzo. Ukifanya hivyo na nguzo ya 230 kwa 230, uwiano unabadilika mara mbili kwa faida ya nguzo, na pembeni panapanda kutoka 20.9 hadi 31. Ukiwa makini utaogopa. Lakini kumbuka paa la zege limemwagwa pamoja na boriti. Boriti yako si mstatili, ni herufi T, na I ya T inaweza kufika karibu mara mbili ya ile ya shina peke yake. Mambo mawili yanavutana na mara nyingi yanakaribia kufutana. Ndiyo maana hesabu ya vipimo vitupu, niliyokufanyia hapo juu, imejenga majengo mengi yaliyosimama. Ukitaka uhakika, piga mara mbili kwa ukakamavu wa chini na wa juu, kisha chini ya boriti weka nondo za jibu kubwa na juu yake vilevile. Nondo chache za ziada hazitamfilisi tajiri wako.

Ukipata kazi ya vipito viwili, usiichukulie kama hii. Nguzo ya katikati, vipito vikiwa sawa na mzigo sawa pande zote, haigeuki hata kidogo. Hata uifanye nyembamba kama bomba, boriti haitajua. Ila nguzo za nje zinaongea mpaka katikati: kwa vipimo vyetu hivi, nguzo za nje za 230 kwa 450 zinaacha momenti ya 70 juu ya nguzo ya kati, na zile za 230 kwa 230 zinaipandisha hadi karibu 84. Mzigo wa watu ukijaa upande mmoja tu, hapo ndipo nguzo ya kati inaamka.

Tajiri akikuambia ataongeza ghorofa baadaye (huwa wanasema baada ya kumwaga), jua kwamba boriti ya sakafu itashikwa na nguzo mbili, ya chini na ya juu. Kn inaongezeka mara mbili. Kwa 230 kwa 230 pembeni panatoka 20.9 na kufika 31, kila nguzo ikichukua nusu. Boriti ya juu kabisa ndiyo inayobaki na nguzo moja, kwa hiyo ndiyo yenye tumbo zito kuliko zote, jambo linalowashangaza wanaodhani paa ni jepesi siku zote.

Sijagusa upepo wala tetemeko, na hilo lina kanuni zake, maana kwa mzigo wa pembeni nguzo kakamavu ndiyo inayovutia nguvu kubwa kuliko wenzake. Bukoba walionja Septemba 2016, kwa hiyo usiliweke kando kwa sababu tu uko mbali na volkano.

Kuhusu msanifu wako: ana haki ya kutotaka kona za zege zinazokula nafasi ya viti. Mpe chaguo mbili. Ama nguzo ilale ukutani alivyotaka, na boriti ichorwe upya kwa 59.3 katikati ikiwa miguu imebanwa, au 63.6 ikiwa ni bawaba, ambayo ndiyo ningeichukua mimi. Nondo tatu za 16 chini zinamaliza kazi. Ama nguzo ibaki 450 kwa upande wa boriti lakini ile milimita 220 inayozidi itokeze nje ya ukuta badala ya ndani. Mwambie itampa kivuli kwenye madirisha ya magharibi. Wasanifu hupenda kivuli. Na kabla hujaenda kwake, mwombe mhandisi aliyechora boriti akuandikie kwa kalamu, kwenye mchoro wenyewe, ni nguzo ipi aliyoitumia kwenye hesabu na imeelekea wapi.